Je, wajua simu ndogo inavyohakiki malipo ya Bitcoin bila kubeba daftari zima?

Daftari la Bitcoin, yaani orodha ya miamala yote iliyopangwa katika mafungu yaitwayo bloku, yanayofuatana kama mnyororo, tangu bloku ya kwanza ya tarehe 3 Januari 2009, limeshavuka gigabaiti 600. Simu nyingi tunazotembea nazo hazina hata nusu ya nafasi hiyo, na iliyopo imeshawahiwa na picha za harusi na video za WhatsApp. Lakini mtu anafungua pochi kwenye simu hiyo hiyo, nayo inamwambia malipo yamefika na yamethibitishwa mara tatu (bloku iliyoyabeba na mbili juu yake). Imejuaje?

Programu nyingi huwa zimeuliza seva tu. Mwenye seva akisema salio lako ni kadhaa, ndilo hilo, kama ilivyo kwenye pesa za simu. Ila ipo njia nyingine, na Satoshi Nakamoto, mbunifu wa Bitcoin, aliieleza mapema kabisa, katika sehemu ya 8 ya andiko lake la mwaka 2008.

Siri iko kwenye kichwa cha bloku. Bloku inaweza kubeba maelfu ya miamala, lakini kichwa chake ni baiti 80, hazizidi. Nodi nyepesi, yaani programu ya mtandao wa Bitcoin isiyotunza daftari zima, hupakua vichwa, viwiliwili ikaviacha. Bloku zimeshapita 900,000. Zidisha kwa 80 upate megabaiti 72 na kitu. Kwa mwaka mzima zinaongezeka 4.2 hivi, chini ya video moja ya kwaya. Na kila kichwa kimebeba alama ya kilichotangulia pamoja na ushahidi wa umeme uliochomwa kukipata, kwa hiyo kukikagua ni kufumba na kufumbua, kukighushi ni gharama kubwa.

Sasa muamala wako unaonekanaje kwenye kichwa? Hapo tunamkuta Ralph Merkle, Mmarekani aliyebuni mti wake mwaka 1979. Kila muamala husagwa ukawa heshi, alama ya baiti 32 inayobadilika yote hata ukigusa herufi moja. Heshi huunganishwa mbilimbili na kusagwa tena, kisha tena, mpaka ibaki moja: mzizi. Mzizi huo ndio unaokaa kichwani. Kwa bloku yenye miamala 4,096, anayetaka kukuthibitishia kwamba wako umo anakupa heshi 12 tu, jumla baiti 384. Simu yako inasaga kutoka jani, yaani heshi ya muamala wako, hadi mzizi. Matokeo yakilingana na ya kichwani, umo. Yasipolingana, umeletewa uongo. Katika uwanja huu uliojaa kelele za utajiri wa haraka, hesabu hii ndiyo inayonifurahisha kuliko yote.

Lakini sikiliza vizuri kilichothibitishwa: muamala umo ndani ya bloku. Kwamba bloku yenyewe ni halali, hilo halijasemwa. Mchimbaji, yaani anayetengeneza bloku na kulipwa sarafu mpya, akijizawadia sarafu kuliko haki yake, nodi nyepesi haioni. Inachukulia tu kwamba hakuna mtu wa kuchoma umeme wote ule kwa bloku batili. Tarehe 4 Julai 2015 walipatikana. Kanuni mpya ya saini ilikuwa imeanza kutumika, mchimbaji mmoja akatoa bloku iliyoivunja, na wachimbaji wakubwa, ambao nao walikuwa wakitazama vichwa bila kukagua viwiliwili, wakajenga juu yake. Zilifika bloku sita kabla mnyororo halali haujawapita. Nodi kamili, yaani zinazokagua kila bloku na kila muamala, zilizofuata kanuni mpya ziliukataa mnyororo ule tangu bloku ya kwanza. Wenye pochi nyepesi walishauriwa kusubiri uthibitisho 30 zaidi ya kawaida.

Kuna na suala la siri. Ukiuliza habari za anwani zako, unayemuuliza anazijua. Vichujio vya mwaka 2012, ambavyo pochi ilivituma ili kuuliza bila kutaja anwani waziwazi, vilikusudiwa kuficha hilo vikavuja, na mwaka 2019 Bitcoin Core, programu kuu ya nodi kamili, ikaacha kuviwasha yenyewe. Njia mpya imegeuza kazi: nodi hutengeneza muhtasari mdogo wa kila bloku, mmoja kwa watu wote, na simu ndiyo inayotafuta. Badala ya kumuuliza muuza magazeti kama jina la mjomba limetajwa, unanunua gazeti ukasomee nyumbani.

Mwenye kompyuta ndogo ya zamani anaweza kufanya zaidi: kupogoa, kama mkulima anavyopogoa mkahawa. Katika bitcoin.conf, faili la mipangilio la Bitcoin Core, andika prune=550, basi. Nodi itapakua daftari lote, itakagua kila muamala kama nodi kamili, kisha itafuta bloku za zamani na kubaki na megabaiti 550 hivi, ambamo lazima zimo bloku 288 za mwisho, yaani za siku mbili. Ongeza orodha ya sarafu ambazo hazijatumika, gigabaiti kumi na kitu. Ni nyepesi kwa diski, si kwa bando: gigabaiti zote 600 zitapita kwenye mtandao wako, kwa hiyo usithubutu kwa vifurushi vya siku.

Na kama una pochi ya miaka ya nyuma, iingize kwanza ndipo uanze kupakua. Ukiileta baadaye, kurasa zinazoihusu zitakuwa zimeshafutwa, na nodi italazimika kuanza upya na bloku ya 2009.