“Wangeiga tu China”: dhana potofu kuhusu kuanguka kwa Umoja wa Kisovieti

Zungumza habari za Umoja wa Kisovieti popote, darasani au kijiweni, na nusu saa haitapita kabla mtu hajatamka: “Kosa la Gorbachev ni kuanza na siasa. Angetanguliza uchumi kama Deng Xiaoping wa China, wangekuwapo mpaka leo.” Husema kwa uhakika wa mtu anayesimulia matokeo ya mpira wa jana. Basi tuanze na kalenda, maana dhana hii inaangukia hapo hapo.

Gorbachev alishika ukatibu mkuu wa Chama cha Kikomunisti, yaani uongozi wa nchi, Machi 1985. Wito wake wa kwanza, uskorenie, yaani kuongeza kasi, ulihusu mashine na uzalishaji, si kura. Mei mwaka huo ikaja kampeni dhidi ya pombe. Juni 1987 ikapitishwa Sheria ya Mashirika ya Umma, na Mei 1988 Sheria ya Vyama vya Ushirika. Mageuzi ya siasa yenye uzito yaliamuliwa na mkutano maalumu wa chama katikati ya 1988, na uchaguzi wa kwanza wenye ushindani ukafanyika Machi 1989. Uchumi ulitangulia kwa miaka mitatu. Siasa iliongezwa baadaye, kwa sababu wizara na makatibu wa chama mikoani walikuwa wameyakalia mageuzi ya uchumi.

Tatizo ni kwamba mageuzi hayo ya uchumi ndiyo yaliyobomoa uchumi, na kuelewa jinsi yalivyoubomoa kuna faida kuliko kukariri majina ya viongozi. Kiwanda cha Kisovieti kilikuwa na fedha za aina mbili. Za kwanza zilikuwa tarakimu tu kwenye akaunti ya benki ya serikali, na zilitumika kulipana na viwanda vingine. Za pili zilikuwa taslimu, kwa ajili ya mishahara. Aina hizo mbili zilitengwa kwa ukuta, na ukuta huo ndio uliozuia noti mitaani zisizidi bidhaa madukani. Sheria ya 1987, iliyoanza kutumika Januari 1, 1988, iliviruhusu viwanda kubaki na sehemu kubwa zaidi ya faida na kujiamulia mengi kuhusu malipo ya wafanyakazi. Papo hapo wafanyakazi wakapewa haki ya kumchagua meneja. Meneja anayepigiwa kura na watu anaowalipa atafanya nini? Atapandisha mishahara, tena haraka.

Sheria ya vyama vya ushirika ikamalizia ukuta uliobaki. Kiwanda kilisajili ushirika pembeni, kikaulipa kwa fedha za akaunti kwa “huduma” fulani, nao ushirika ukachota taslimu benki. Au ulinunua malighafi kwa bei ya serikali na kuiuza kwa bei ya soko. Huo ni ulanguzi, ila sasa ulikuwa na muhuri.

Wakati huo huo bei za madukani hazikuguswa. Noti zikajaa mifukoni, rafu zikabaki tupu. Wachimba makaa wa Kuzbass, huko Siberia, walipogoma Julai 1989, mojawapo ya madai yao lilikuwa sabuni ya kuogea wakitoka mgodini. Msomaji wa Tanzania aliyepanga foleni ya sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 hahitaji maelezo zaidi. Sukari nayo iliadimika, kwa sehemu kwa sababu ya ile kampeni ya pombe: vodka ilipopungua dukani, watu walinunua sukari wakapike samogon, gongo ya kwao. Serikali ikakosa kodi ya vodka, na madukani sukari ikakosekana, kwa mpigo.

Bei ndizo zilipaswa kurekebishwa kwanza, kabla ya kufungulia mishahara. Uongozi ulilijua hilo, na mpango wa kurekebisha bei ulikuwapo tangu 1987. Ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Hofu yao ilikuwa na jina: Novocherkassk. Juni 1962, baada ya bei za nyama na siagi kupandishwa, wafanyakazi wa mji huo waliandamana, wakapigwa risasi, na zaidi ya 20 wakafa. Tangu hapo kila kilo ya nyama iliuzwa kwa hasara iliyofidiwa na hazina. Mkate ulikuwa rahisi kiasi kwamba wakulima waliwalisha nguruwe. Bei zilipopandishwa hatimaye, Aprili 1991, ilikuwa ni kumpa dawa mgonjwa aliyekwisha kukata kauli.

Na hiyo China yenyewe? Mwaka 1978 Wachina kama 7 katika kila 10 wenye kazi walikuwa mashambani, maskini, wakilima kwa mikono. Ukiwagawia mashamba kwa kaya na kuwaacha wauze ziada, mavuno yanapanda bila trekta hata moja jipya. Kwa Wasovieti, wa shambani alikuwa kama mmoja kati ya watano, na alikuwa na mshahara, likizo na pensheni. Dereva wa trekta wa shamba la serikali hakujua kukamua, na mkamuaji hakujua kupanda. Gorbachev alijaribu kuwakodishia ardhi mwishoni mwa miaka ya 1980. Waliojitokeza walikuwa wachache. Mafuta, mbegu na mashine vilitoka kwa mkurugenzi yule yule ambaye ukodishaji ungemnyang'anya kazi. Kwa hiyo anayesema “wangeiga China” atuambie pia wakulima hao angewatoa wapi.

Dhana nyingine potofu hazihitaji muda mrefu.

“Reagan aliwafilisi kwa vita vya nyota.” Mzigo wa jeshi ulikuwa mzito tangu enzi za Brezhnev, aliyetawala kabla ya Gorbachev, na haukuruka ghafla baada ya hotuba ya 1983 ambamo Reagan, rais wa Marekani, alitangaza mpango wa kinga dhidi ya makombora. Kuporomoka kwa bei ya mafuta mwaka 1986 kuliwaumiza zaidi, maana nafaka walinunua nje kwa dola za mafuta.

“Marekani ilipanga wavunjike.” Agosti 1, 1991, Rais Bush alisimama mbele ya bunge la Ukraine mjini Kiev akawaonya dhidi ya utaifa wa kujiangamiza. Alimtaka Gorbachev abaki.

“Wananchi waliukataa umoja.” Kura ya maoni ya Machi 17, 1991 kuhusu kuuhifadhi umoja ilipata ndiyo zaidi ya asilimia 76. Lakini jamhuri sita, zikiwamo tatu za Baltiki, zilikataa kuiandaa.

“Watu watatu waliuvunja msituni.” Yeltsin wa Urusi, Kravchuk wa Ukraine na Shushkevich wa Belarus walitia saini makubaliano ya kuuvunja Desemba 8, 1991, kweli. Wiki moja kabla, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wa Ukraine walikuwa wamechagua uhuru. Mkataba mpya wa umoja, ule wenye nafasi ya kuokoa kitu, ulipangwa kuanza kutiwa saini Agosti 20. Vifaru vya waliotaka kumpindua Gorbachev viliingia Moscow tarehe 19.