Kabla hujainua gari ya porini, zuia kwanza maji na vumbi

Hapa kwa karakana yetu ya mafunzo Nairobi, wenye Prado, Pajero, Jimny na Land Cruiser hutuuliza sana waanze na nini, lifti (kuinua gari kwa springi ndefu), matairi makubwa ama winchi (mashine ya kamba ya kujivuta ukikwama), na jibu letu huwa lile lile, anza na maji na vumbi, sababu gari nyingi tunazofungua hazikuvunjwa na mawe, ziliharibika polepole kutoka ndani na mwenyewe hana habari.

Chukua difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli linalopeleka nguvu kwa magurudumu. Umeendesha masaa mengi kwa jua na difu imepata moto kabisa, halafu unaingia mto. Maji baridi yakiigusa, hewa iliyo ndani inapoa na kupungua ghafla, difu inaanza kuvuta, na kama kile kitundu chake cha kupumua kiko chini ya maji itavuta maji, kama kimezibwa na tope itavutia kwa sili za ekseli. Siku hiyo husikii kitu. Beringi zinaanza kulia baadaye na saa hiyo umeshasahau mto. Kwa hivyo ukirudi nyumbani fungua ile nati ya kujazia oili, ingiza kidole uangalie: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa mwaga yote, weka mpya, endesha kidogo halafu mwaga tena, maana ya kwanza huwa haitoi maji yote. Dawa ya kudumu ni paipu ya mpira inayostahimili oili, itoke kwa kile kitundu ipande mpaka juu kwa injini, difu ya mbele na ya nyuma pia, na uiachie ulegevu kidogo sababu ekseli hupanda na kushuka, ukiifunga ikiwa imekaza itang'oka safari ya kwanza.

Vumbi nalo, hasa lile la Suswa, mlima kule Bonde la Ufa, ambalo ni la volkeno na laini ajabu, likipita filta ya hewa linasaga turbo na silinda. Tafadhali msikubali fundi apulize filta na kompresa kwa presha kubwa kutoka nje, karatasi inatoboka na hautaona. Ipulizwe polepole kutoka ndani kwenda nje, ama ununue mpya. Halafu pitisha kitambaa cheupe ndani ya paipu inayotoka kwa filta kwenda injini, ukipata vumbi hapo jua kuna mahali panavuja.

Snokeli, ile paipu inayovutia injini hewa kutoka juu karibu na paa, ni nzuri, lakini kama jointi zake na boksi la filta havijazibwa vizuri maji yataingilia hapo chini tu. Na gari ikizima ndani ya maji USIPIGE STATA. Maji hayakandamiziki, pistoni ikiyakuta inapinda konrodi (chuma kinachoshika pistoni) na injini imeisha. Ivutwe nje kwanza, plagi zitolewe (kwa dizeli ni glo plagi ama injekta), ndio injini izungushwe iteme maji.

Ukitoka Ziwa Magadi, osha chini ya gari na maji mengi, hata ndani ya chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari) kupitia matundu yake, ile chumvi ya magadi na tope vikikaa humo vinakula chuma. Na rangi nyeusi ya kupaka chini isipakwe juu ya kutu, inafungia unyevu ndani na kutu inaendelea tu.

Sasa lifti. Inchi 2 zinatosha wengi wetu. Ukiongeza bulba (bampa nzito ya chuma ya mbele) na winchi weka springi za mbele zinazobeba huo uzito, sio ndefu tu, na ukiweka matairi makubwa kumbuka breki zitakuwa na kazi zaidi, na pia spidomita itasoma chini kuliko mwendo wako halisi. Kabla hujalipa fundi, mwambie apige jeki chesisi mpaka magurudumu yaning'inie, azungushe usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, na wewe mwenyewe uinamie uangalie paipu za breki: ikiwa hata moja imenyooka kabisa, gari isitoke hapo mpaka ziwekwe ndefu.