Sabasembli si spea

Sabasembli ni kitu kinachoundwa kiwandani kwa BOM yake (orodha ya vipande vinavyokiunda na idadi yake), kina namba yake stoo, na mwisho wake ni kuingia ndani ya bidhaa kubwa zaidi. Basi. Chukua gurudumu la mbele la baiskeli: rimu 1, habu 1, spoki 36, niple 36.

Tatizo ni hili neno "spea", ambalo siku hizi linabandikwa kila kitu kisicho baiskeli nzima. Asili yake ni "spare" ya Kiingereza, kitu cha ziada, cha akiba. Spea husubiri kingine kiharibike. Gurudumu lililotundikwa dukani kwa fundi ni spea kweli; lilelile, likiwa bado linakazwa spoki kiwandani, ni sabasembli. Wala si ubishi wa maneno. Ukiliingiza kwenye programu ya kiwanda kama spea, mara nyingi litasajiliwa kuwa kitu cha kununuliwa, na siku ya kupanga uzalishaji, programu itakuandikia ombi la manunuzi ya magurudumu huku spoki zimejaa stoo.

Kosa la pili ni la waliokwisha kujua kwamba gurudumu linaundwa kiwandani. Tuseme kuna oda ya baiskeli 50, na magurudumu 12 ya mbele yako tayari. Yanayotakiwa kuundwa ni 38, yaani spoki 1,368. Ndani ya ERPNext, moja ya programu hizo, oda ya kazi ya baiskeli ina kisanduku cha BOM ya ngazi nyingi. Ukikitia tiki, oda inalipita gurudumu na kudai spoki moja kwa moja: 1,800. Yale 12 hayaonekani kabisa. Ukiondoa tiki, inadai magurudumu 50 yenyewe, lakini haifungui oda ya kuyaunda. Hiyo utaifungua wewe, au uipate kupitia mpango wa uzalishaji, na imalizike kabla ya baiskeli kuanza kuunganishwa.

Wapo wanaofanya yote mawili, tiki na oda ya pembeni. Hapo stoo inatakiwa kutoa spoki 1,368 kwa magurudumu, kisha 1,800 tena kwa baiskeli. Jumla 3,168, na kwenye vitabu magurudumu 50 yamelala bila mwenyewe. Halafu analaumiwa mtu wa stoo!

Tiki hiyo ina mahali pake: pale gurudumu linapoundwa na kufungwa kwenye baiskeli kwa mkupuo mmoja, bila kulala stoo hata usiku. Hapo gurudumu ni kivuli tu kwenye karatasi. Odoo, programu nyingine ya aina hiyo, hulishughulikia hilo kwa kuchagua BOM ya aina ya "Kit", yaani seti, badala ya ile ya kutengeneza.

Kwa hiyo fundi akiomba "spea 38 za mbele", mpe, ameeleweka. Kwenye programu tu, gurudumu liandikwe kitu cha kutengenezwa, na tiki iondolewe kabla oda ya baiskeli haijathibitishwa.