Parna: mlo wa kwanza wa Mjaini baada ya kufunga

Parna ni neno la Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, kwa kitendo cha kufungua mfungo. Ukiliita futari hujakosea sana, ila saa ni nyingine kabisa: Mwislamu hufuturu jua likizama, Mjaini hula asubuhi, kwa kawaida dakika 48 baada ya jua kuchomoza. Upvas, mfungo wa siku moja, huanzia magharibi ya siku iliyotangulia, kwa hiyo hufika kama saa 36. Anachoruhusiwa ni maji yaliyochemshwa, nayo mchana tu.

Mlo wenyewe ni mwepesi mno: maji ya choroko zilizochemshwa, na raab, uji wa unga, samli, sukari guru na tangawizi kavu. Aliyefunga siku 8 za Paryushan, sikukuu yao ya toba ya kila mwaka, au mwezi mzima, jamaa humnywesha kijiko kwa kijiko, na kila mmoja anataka zamu yake kwa kuwa kumlisha ni thawabu. Pilipili na vya kukaanga vitangoja siku kadhaa. Si dini tu: baada ya njaa ndefu, mlo mzito wa ghafla huvuruga madini ya damu na waweza kuua.

Kwa hesabu ya kale, siku ya parna bado imo ndani ya mfungo. Jina la kitabuni la upvas huelezwa kuwa ni kuacha milo minne: mmoja wa siku ya kabla, miwili ya siku yenyewe, mmoja wa siku ya baada. Ndiyo maana mfungo wa siku 3 huitwa attham, yaani nane. Aliyefungua leo, basi, angekula mara moja tu leo. Wachache hufuata hivyo sasa, ingawa wengi hawali tena baada ya magharibi.

Mwili hupumzishwa, lakini ulimi na moyo bado vina kazi. Hasira na majivuno hupunguza faida ya mfungo, na kuutakia malipo ya dunia, nidana, ni kosa linalotajwa kwa jina. Zawadi na shamrashamra za kumpongeza aliyefunga, kwa maoni yangu, humweka majaribuni kulekule.

Wanaofunga siku moja na kula siku ya pili kwa zaidi ya mwaka hufungua kwa maji ya miwa, wengi wao Hastinapur au Palitana nchini India. Humkumbuka Rishabha, tirthankara (mwalimu mkuu wa dini yao) wa kwanza: watu walimtolea vito na farasi, wasijue kuwa mtawa hupewa chakula, mpaka mwanamfalme Shreyansa alipommiminia maji ya miwa viganjani.