Kwa nini msitu wa Sokoke haufagiliwi?

Shangazi yangu amezaliwa na kukulia Shela ya Malindi, na uani kwake hakulali jani. Alfajiri, kabla kunguru hajalia, ufagio wa chelewa ushamaliza kazi. Februari moja nilimpeleka Arabuko-Sokoke. Tuliingilia kituo cha misitu cha Gede, pembeni ya barabara ya Malindi–Mombasa. Akatazama chini, majani makavu yamemfika vifundoni, akaguna: "Msitu wa serikali wote huu, na hakuna hata wa kufagia?"

Mwongozaji wetu, kijana wa Kigiriama, akacheka. "Tukifagia, mama, tutawafukuza wenyewe."

Hao wenyewe nitawafikia. Kwanza majani.

Arabuko-Sokoke ina eneo la kilomita za mraba 420 hivi, na ndicho kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Ukavu wake ni wa majira. Mvua za masika zinanyesha kuanzia Aprili, vuli inapita Oktoba na Novemba, na baada yake kuna jua la kaskazi ambalo kila mtu wa pwani analijua. Upande wa mashariki, karibu na bahari, mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Kaskazini-magharibi hushuka hadi 600 hivi.

Sasa jiweke mahali pa mti. Kila jani lina vitundu visivyoonekana kwa macho, na kila vitundu hivyo vikifunguka kuingiza hewa, maji nayo hutoka. Mizizi ikishindwa kuleta mengine, miti mingi hufunga duka: hupukutisha majani. Lakini haitupi kitu cha thamani. Kabla jani halijaanguka, mti hurudisha matawini sehemu kubwa ya nitrojeni na fosforasi iliyomo, kisha huziba pale kikonyo kinaposhikana na tawi. Upepo humalizia. Jani lililo chini, kwa hiyo, ni chicha: tui limeshakamuliwa.

Na mbona chicha hiyo haiozi ikaisha? Kwa sababu kuvu na bakteria wanaoozesha majani wanahitaji unyevu, na wakati wa kaskazi hawaupati. Majani hukaa yakirundikana mpaka mvua ije iwaamshe, nao mchwa na jongoo wasaidie. Hapo kile kidogo kilichobaki ndani ya jani hurudi ardhini, na ardhi yenyewe ni maskini. Penye miti iitwayo mirihi, nenda ukachote mchanga kwa mkono: ni mweupe, unateleza baina ya vidole kama wa ufukweni. Mrihi haungemudu hapo peke yake. Umeshirikiana na kuvu wanaoivika mizizi yake na kuiletea fosforasi, nao wakilipwa sukari. Magharibi udongo ni mwekundu, na miti inayotawala huko ni ya jamii ya Cynometra, mifupi na iliyosongamana. Huko ndiko aliko bundi mdogo wa Sokoke, asiyefika shubiri, ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka mwaka 1965.

Haya, wenyewe. Kijana yule alituonyesha kilima kidogo cha majani chini ya kichaka. Mimi ningekipita mara kumi nisikione. Ni majani juu ya majani. "Hii ni nyumba ya sange," alisema.

Sange wa hapa ana pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, uzito wa nusu kilo hivi, na nyuma, juu ya mkia, ana kiraka cha rangi ya dhahabu kana kwamba amekalia rangi mbichi. Watu humdhania panya. Siye. Kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo, pimbi na nguva, yaani kwa mbali ni jamaa wa nguva wa Lamu na wa tembo wa msitu huohuo wanaomkanyagia majani yake.

Maisha yake yote yamo katika takataka zile. Mchana hupekua kwa pua na kucha, kama kuku jaani, akitafuta mende, tandu, buibui, minyoo na mchwa. Usiku hulala ndani ya majani: huchimba kishimo, hukitandika, kisha hulundika mengine juu. Kazi hii huifanya asubuhi mapema, majani yakiwa bado na umande, kwa sababu jani lenye umande halipigi kelele. Ana nyumba kadhaa, na huhama moja hadi nyingine ili adui asimzoee. Dume na jike wana eneo moja, hekta mbili kasoro, lakini kila mmoja analala kivyake. Shangazi alisema anaifahamu ndoa ya namna hiyo. Sikumuuliza ya nani.

Akimwona nyoka au mwewe, sange hupigapiga majani kwa mkia. Makavu yale huvuma, na mwindaji anajua ameshaonekana. Akifukuzwa hukimbia kilomita 25 kwa saa. Kile kiraka cha dhahabu nacho kina ngozi nene mara tatu kuliko ya katikati ya mgongo, na inadhaniwa kazi yake ni kuyavuta meno ya adui yaelekee pale pagumu. Utaona basi kwamba majani hayo kwake ni jiko, kitanda na kengele ya mlango, na ukiyachoma au kuyazoa umemvunjia nyumba nzima.

Kuyazoa si sana siku hizi. Kinachouma zaidi ni mitego ya tanzi, moto unaotoroka mashambani, na ukataji wa miti ya kuchongea na kuchomea mkaa. Mti mkubwa ukiondoka, kivuli kinaondoka na jani linapungua. Kipepeo, mradi ulioanza mwaka 1993 pale kwenye magofu ya Gede, umewapa wakulima wa pembezoni njia nyingine ya kupata pesa: wanafuga viwavi na kuuza pupa, zinazosafirishwa nje kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mwanzoni wengi waliona ni mzaha, kulipwa kwa kufuga wadudu.

Siku ile hatukumwona sange. Ukitaka kumwona bila kuingia msitu mnene, wachache wako hapohapo kwenye magofu ya Gede. Nenda mapema, kaa ukutani kimya, usikilize chakarachakara chini ya miti. Ukimwona ndege kurumbiza anarukaruka ardhini badala ya kukaa tawini, tazama mbele yake kidogo. Kurumbiza humfuata sange ili adake wadudu wanaokurupuka majanini.