Arvo Pärt si mtawa, wala muziki wake si wa kubembelezea watoto

Picha zimemponza: kipara, ndevu ndefu, macho ya mtu aliyetoka kusali sasa hivi. Basi wengi huamini kuwa mtunzi huyu wa Estonia, aliyezaliwa Paide mwaka 1935, ni mtawa. Ana mke na watoto. Ujanani alikuwa fundi mitambo wa sauti redioni mjini Tallinn, na akitunga muziki wa filamu kupata riziki. Uorthodoksi aliingia mwaka 1972, akiwa mtu mzima.

Husemwa pia kwamba baada ya 1968 alinyamaza kabisa miaka minane. Mwaka ule kondakta Neeme Järvi aliongoza *Credo*, kazi yake ya kwaya na okestra, jijini Tallinn, na maneno ya kumkiri Kristo yakawaudhi wakubwa wa Kisovieti, walioitawala Estonia wakati huo. Kazi ikapigwa marufuku. Lakini kimya hakikuwa kitupu. Simfonia ya Tatu ni ya 1971, na alijaza daftari moja baada ya jingine akijifunza nyimbo za kale za kanisa.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba muziki wake ni mwepesi, wa kuwasha ukiutafuta usingizi. Chukua *Für Alina* ya 1976, kipande kifupi cha piano. Mkono wa kulia unatembea kwenye noti za ngazi moja ya muziki. Wa kushoto unaruhusiwa noti tatu tu, zile ambazo wanakwaya wa solfa wangeziita la, do, mi. Noti huongezeka moja moja kila kipimo cha muziki hadi katikati, kisha hupungua vivyo hivyo. Sheria imebana hivyo, na mahali pamoja tu mkono wa kushoto unaivunja. Hapo, kwenye karatasi ya nota, Pärt alichora ua. Ukikosea noti moja huna pa kuificha, kila mtu ameisikia. Mtindo huu aliuita tintinnabuli, yaani kengele ndogo.

Wapo wanaosema alitoroka Muungano wa Kisovieti. Hapana, aliondoka na hati halali Januari 1980 pamoja na familia, kwa treni, baada ya wakubwa kumchoka. Huko Brest, mpakani na Poland, maofisa walipekua masanduku yaliyojaa nota, sahani za santuri na kanda, wakataka kusikia ni nini. Wakaziweka kwenye mashine. Kazi yake *Cantus*, ya nyuzi na kengele, ikaanza na kengele yake, kituo kikawa kimya, maofisa wakasikiliza.