Jina halipo, lakini wewe unajulikana

"Sikuweka jina langu, nani atanijua?" Maneno haya yanasikika sana Lubumbashi, kuanzia Kamalondo hadi Ruashi, pale kijana anapofungua akaunti ya Facebook kwa jina la kubuni ili aseme yaliyo moyoni. Kuficha jina ni haki yake, na wapo wanaoihitaji kinga hiyo kweli. Ila jina ni sehemu ndogo tu ya kinachomtambulisha mtu.

Laini yake ilisajiliwa kwa kadi ya mpiga kura, na akaunti ikafunguliwa kwa namba hiyohiyo. Simu ikiwa imewashwa huwasiliana na minara hata GPS ikizimwa, na kampuni ya mtandao hubaki na kumbukumbu ya mnara gani, saa ngapi. Mwaka 2013, mtafiti Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichapisha uchunguzi wa data za simu za watu milioni 1.5, zisizo na majina. Nukta nne za mahali na saa zilitosha kumtenga mtu na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Nne tu! Usiku Katuba, asubuhi kazini Kampemba, Jumamosi soko la mtaa wa Kenya, Jumapili kanisani: anayekufahamu kidogo akiipata orodha hiyo, hana haja ya kuuliza ni ya nani.

Wengine husema WhatsApp ni salama kabisa. Ni kweli kwamba tangu 2016 ujumbe husimbwa, yaani hufungwa kwa msimbo wa siri, kutoka simu hadi simu. Lakini kampuni inaweza kujua unawasiliana na nani na lini, na nakala ya akiba iliyoko Google Drive hailindwi vivyo hivyo mpaka wewe mwenyewe uwashe ulinzi wake. Tena aliyeupokea ujumbe anaweza kuupiga picha na kuutuma kwa wengine.

Dirisha la faragha la kivinjari, nalo, hufuta historia kwenye simu yako tu. Kampuni ya mtandao na tovuti bado zinakuona.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba Kongo hakuna sheria ya mambo haya. Ipo. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2006 inalinda maisha binafsi na siri ya mawasiliano. Code du numérique, yaani sheria ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023 inakupa haki ya kujua data zako zilizohifadhiwa, kuzisahihisha, hata kudai zifutwe. Utekelezaji ni jambo jingine, na ndiyo maana inafaa tuanzie karibu. Kwenye kabini ya kutoa pesa kwa simu, daftari la wateja likikaa wazi mezani, namba ya mama aliyetangulia husomwa na kila anayefuata. Kesho anapigiwa simu na mtu asiyemjua. Kumwomba mwenye kabini afunike kurasa zilizopita, au kukataa kuacha fotokopi ya kadi pale inapotosha kuionyesha, hakuhitaji wakili.